Mwalimu Aliyepiga Gita kwa Ngumi

Mara ya kwanza aliingia kwenye karakana yangu pale mtaa wa Gerezani akiwa amebeba gita lililopasuka tumboni. Akaliweka mezani, juu ya redio ya mteja, akalipiga ngumi. Hakulipiga kwa hasira. Alilipiga kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa, ila kwa nguvu zaidi, kisha akainamisha sikio.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nilimwambia nimesikia mbao.

"Nataka ukumbi mzima usikie hivyo hivyo. Na usikie hata ninapolishika tu, kabla sijapiga. Unaweza kuniwekea maiki humo ndani?"

Mimi ni mwanamke niliyerithi bisibisi za baba yangu. Natengeneza redio, spika na amplifaya, na nimezoea wateja wanaonitazama kwanza halafu wanauliza fundi yuko wapi. Yeye hakuuliza. Tangu siku hiyo aliniita Fundi, nami nilimwita Mwalimu kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Alikuwa akifundisha gita watoto wa Upanga, nyumba kwa nyumba. Alinizidi umri kwa miaka ishirini hivi. Nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye nyaya alizoniletea.

Watu wa Gerezani walimjua kwa kucha zake. Za mkono wa kulia zilikuwa ndefu, amezisugua kwa msasa laini mpaka zinang'aa. Za kushoto alizikata hadi kwenye nyama. Makuli wa Kariakoo walipomwona walimtania: "Mwalimu, huo mkono mmoja ni wa bibi harusi?" Naye aliwanyooshea mkono wa kushoto, wenye ncha za vidole ngumu kama kwato, akasema, "Na huu ndio mume wake." Halafu akaendelea na safari yake bila kucheka.

Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kifungo cha shingoni kimefungwa hata jua likiwa la kuchoma lami. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kinasa sauti kidogo, na mara nyingi kilikuwa kimewashwa. Alinasa mikokoteni, vyuma vinavyogongwa kwenye gereji, matangazo ya wauza sumu ya panya, honi za mabasi ya mwendokasi. Alisema Kariakoo haijanyamaza tangu izaliwe, lakini hakuna aliyewahi kuketi akaisikiliza.

Nilimtengenezea kisanduku chenye vitufe vitatu vya kukanyaga. Kimoja kilinasa alichopiga na kukirudia, cha pili kiliweka sauti mpya juu ya ile ya kwanza, cha tatu kilifuta. Kutoka hapo sauti ilipita kwenye kompyuta, ambako alikuwa akiinyoosha, akiikunja na kuichana. Ilinichukua nusu mwaka. Kila nilipodhani nimemaliza, alirudi akitaka kiume zaidi.

"Kiume?" nilimuuliza.

"Kama mbwa. Kisinipe sauti niliyoipeleka. Kinirudishie na jeraha."

Kwenye onyesho lake la kwanza nililolihudhuria, katika ukumbi mdogo wa Upanga, alianza na kipande cha zamani, laini, cha aina ile ambayo ukiisikia unakaa vizuri kwenye kiti. Mama mmoja mbele yangu alifumba macho. Mwalimu akakanyaga kitufe, kile kipande kikaanza kujirudia chenyewe, naye akaanza kukipiga kwa kukifuata kwa nyuma, kama mtu anayemnyemelea mwenzake. Kisha zikaja kucha, kisha viganja, kisha ngumi. Kucha moja kwenye uzi ilitoka kwenye spika kama bati linalong'olewa kwenye paa. Yule mama alifumbua macho akatafuta mkoba wake. Uzi mmoja ulikatika ukamchana Mwalimu shavuni, damu ikashuka hadi kwenye kola, naye akaendelea. Tulianza zaidi ya thelathini, tulimaliza tisa.

Nilimpelekea kitambaa nyuma ya jukwaa.

"Uzi hausemi kweli mpaka uumizwe," akaniambia, akijifuta.

Usemi huo aliurudia mara nyingi, na kwa muda mrefu niliuona wa busara.

Dada yake, mama mmoja wa Kilimanjaro mwenye duka la jumla la vyombo pale Kariakoo, hakuuona hivyo. Ndiye aliyemlea mdogo wake katika kwaya. Siku moja nilipita dukani kwake akaniita, akaniketisha katikati ya marobota ya sufuria.

"Huyu alikuwa akipiga kanisani, watu wanalia," alisema. "Siku hizi anapiga, watu wanakimbia. Fundi, mwanangu, humo ndani ya hilo gita umemwekea nini?"

Nilimwambia nimemwekea maiki tu.

"Basi hayo mengine yalikuwemo," akasema.

Mwalimu alikuwa mkali, na sitaki kumpaka rangi. Mwanafunzi akikosea, alimchapa rula kwenye vifundo vya vidole. Baba mmoja wa familia ya Kiarabu, aliyekuwa na binti mwenye kipaji, aliona vidole vya mwanawe vimevimba. Somo lililofuata alimsubiri Mwalimu mlangoni akamzaba kibao mbele ya binti. Mwalimu alisimama pale, mkono shavuni.

"Ni haki yako, bwana," akasema. "Sasa, binti aendelee na somo au nirudi?"

Yule baba akampisha. Kuanzia siku ile Mwalimu hakumchapa tena mtoto yeyote. Mwanafunzi alipokosea alijipiga rula mwenyewe pajani, na watoto walisema ile ilikuwa mbaya zaidi, maana walirudi nyumbani wakiwaza paja la Mwalimu.

Na mtu huyo huyo hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Krismasi, nyumbani kwa dada yake, kisu kilipotoka alitoka na yeye, akasimama barabarani hadi aitwe. Nilishazoea kuviona vitu hivi viwili ndani yake kama nyaya mbili zilizopita kwenye bomba moja bila kugusana. Zikagusana sokoni Mchikichini.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Alikuwa akitafuta mikanda ya ngozi ya mitumba ya kufungia vifaa vyake, na baadaye tulikuwa twende Upanga kujaribu spika ndogo niliyomtengenezea. Tulichukua bajaji, tukashuka sokoni, mimi nimebeba spika. Wingu lilikuwa limetanda. Tulitembea dakika chache kati ya meza za nguo, na Mwalimu akajigusa begani. Begi halikuwepo. Ndani yake kulikuwa na kile kisanduku.

Sekunde ile ile mwanamume mwenye jezi ya bluu alitupita akikimbia, ameinama, anapenya kati ya watu.

"Mwizi," alisema Mwalimu.

Alilisema neno hilo mara moja tu, kwa sauti yake nzito ya kuimbisha kwaya. Mjini kwetu neno hilo halihitaji kurudiwa, wenzako watalirudia. Lilikwenda mbele yetu kutoka meza hadi meza, likamfikia yule mwanamume kabla hajafika alikokuwa akienda. Mtu alimtia mguu. Alipoanguka, mwingine alikuwa ameshang'oa ubao wa meza.

Tulipofika alikuwa chini, amejikunja, mikono kichwani. Walikuwa kumi, kisha ishirini. Wengi hawakujua kimeibwa nini. Kijana mmoja alipiga mara moja akaondoka na manunuzi yake, kama mtu aliyetia sahihi. Niliona jiwe likipokewa kutoka mkono hadi mkono. Nilisikia mtu nyuma akiuliza, kwa utulivu kabisa, kama kuna tairi karibu.

"Mwenye mali amefika," mmoja akasema. "Mpisheni."

Wakampisha. Wakamfungulia Mwalimu nafasi kama wanavyomfungulia mfiwa kaburini. Ningependa kuandika kwamba aliwazuia. Alikuwa na sura ambayo nilikuwa nimeiona jukwaani tu. Alipiga teke.

Kisha mama mmoja alitokea akipiga kelele, ameshika kiatu mkononi, akajirusha juu ya yule mwanamume. "Huyu ni wa hapa. Anauza viatu hapa, meza yake ile pale. Mvua inakuja, alikuwa anakimbilia viatu vyake. Mnamuua mtu wa hapa."

Umati uliyeyuka kwa muda ambao mtu angetumia kufunga mwavuli. Mvua ilianza kweli. Meza chache mbele, safu ya viatu ilikuwa ikilowa, turubai limefunuliwa nusu. Tulimbeba yule muuza viatu hadi kwenye bajaji ili apelekwe hospitali. Mwalimu alitaka kupanda naye. Yule mama alimsukuma kifuani akaanguka kwenye maji.

Saa tisa, dereva wa bajaji iliyotuleta alikuja karakanani kwangu. "Sista," akasema, "yule mzee alisahau begi nyuma ya kiti." Kisanduku kilikuwemo, kikavu.

Muuza viatu alipona, ila jicho la kushoto halikurudi. Mwalimu alikaa miezi minne bila kugusa gita. Watoto wa Upanga wakatafutiwa mwalimu mwingine. Siku moja asubuhi alikuja, shati lake jeupe lina mikunjo, nikajua kuna jambo.

"Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa," akasema. "Siku ile. Nimesikiliza."

Akaniwekea. Zilikuwamo hatua zetu, mazungumzo yetu kuhusu mikanda, kisha sauti yake, kisha yote yaliyofuata mpaka mvua. Nilizima kabla hayajaisha.

"Nitaipiga," akasema.

"Hii si ya kupigwa mbele ya watu, Mwalimu."

"Ndiyo maana lazima ipigwe. Ni mimi ninayesema hilo neno. Nitajipiga mwenyewe mbele yao."

Nilibishana naye kwa siku mbili. Siku ya tatu nilichomelea nyaya alizotaka. Hilo nimelifanya mimi, kwa mikono yangu, na nililifanya vizuri.

Kipande hicho ndicho kilichompa jina. Alianza kwa upole kabisa, kisha neno lile likatoka kwenye spika, akalikanyaga likajirudia, tena na tena, hadi likaacha kuwa neno likawa mlio kama msumeno. Juu yake alilipiga gita kwa ngumi akiyafuata mapigo ya sokoni moja baada ya jingine. Mlio wa muuza viatu aliunyoosha ukawa mrefu kama wimbo. Mwishoni ilibaki sauti ya yule mama na mvua. Alialikwa nje ya nchi mara mbili. Hakuna aliyetoka ukumbini huko. Walisimama, wakapiga makofi, wakaandika kwamba ni msanii jasiri.

Alinisomea neno hilo karakanani, "jasiri", bila furaha lakini bila kulikataa. Wiki iliyofuata nilikwenda Mchikichini.

Nilimkuta mezani kwake, akipaka rangi kiatu cha kike. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba moja kwa moja. Alinitazama kwa lile jingine.

"Wewe ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Unataka viatu?"

"Nataka kukuambia kitu."

Nilimweleza yote: kinasa sauti, gita, kumbi za nje. Hakuacha kupaka rangi. Alipomaliza kile kiatu alikiweka kando ya mwenzake, akavisawazisha.

"Kwa hiyo mimi nalia, halafu watu wanapiga makofi."

"Ndiyo."

"Anapiga tena lini?"

Nilimwambia siku, ukumbi na saa. Nilijua ninachofanya, au nilidhani najua. Nilifikiri atakwenda kusema kitu.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Upanga, ukumbi umejaa kuliko nilivyowahi kuuona. Muuza viatu alikaa kiti cha nyuma kabisa, amevaa koti. Alisikiliza neno lile likirudiwa. Alijisikia mwenyewe akinyooshwa. Alivumilia mpaka ilipoanza sauti ya yule mama, ambaye sasa alikuwa mkewe. Hapo akasimama, akapita katikati ya viti bila haraka, akapanda jukwaani. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho.

"Zima," alimwambia Mwalimu.

Mwalimu alimtambua. Mguu wake ulitafuta kitufe, ukakanyaga kisicho chake, mlio ukaongezeka. Muuza viatu alichukua stendi ya chuma ya maiki. Pigo la kwanza lilivunja gita. La pili na la tatu lilikwenda kwenye mkono wa kushoto uliokuwa umeshika shingo ya gita, na mimi niliyekuwa hatua kumi pembeni kwenye mitambo naapa kwamba Mwalimu aliona pigo la pili linakuja na hakuuondoa mkono. Maiki iliyokuwa ndani ya gita ilikuwa bado inafanya kazi. Ukumbi wote ulisikia mifupa.

Wanaume watatu waliruka jukwaani. Mmoja alimkaba yule muuza viatu shingoni, wa pili alikuwa ameshainua kiti. Mwalimu alijitupa juu ya muuza viatu, akamfunika kwa mwili wake, damu ya mkono ikienea kwenye koti la mwenzake.

"Asiguswe," alisema. "Mwenye kosa ni mimi. Asiguswe."

Kiti kilishuka kikampata Mwalimu mgongoni. Ndipo nilipochomoa umeme.

Katika ukimya ule muuza viatu aliinuka, akajipangusa, akateremka. Alipofika kwenye mitambo alisimama karibu nami.

"Mwambie anirudishie sauti yangu."

"Itarudishwaje?"

"Hilo alijue yeye."

Hospitalini Mwalimu alisema kaangukiwa na chuma. Polisi hakwenda. Vidole viwili viliunga vimepinda, na hakuweza tena kubana nyuzi. Watu wa nje walimwandikia barua za kumhurumia, wengine wakamwomba rekodi ya jioni ile. Hakuwajibu. Kipande kile hakukipiga tena.

Aliendelea kupiga, lakini gita likiwa limelala mapajani, mkono wa kulia ukifanya kazi yote na wa kushoto ukiligonga pole pole kwa kifundo. Nilimtengenezea kisanduku kipya. Safari hii hakutaka kiume. Walikuja watu kumi, kumi na watano, wakakaa mpaka mwisho kwa adabu, na wachache walinong'ona kwamba Mwalimu amekwisha. Mimi naona alipiga vizuri zaidi miaka ile, ila sina wa kubishana naye.

Mara moja tu alikwenda Mchikichini, amebeba kile kinasa sauti ndani ya bahasha. Muuza viatu alimwona kwa mbali, akakunja turubai na viatu vyake vyote, akaondoka. Wiki nzima meza ilikaa tupu. Mkewe alikuja Gerezani kuniambia: "Mwambie mwalimu wako asije. Akija tena tutahama, na hatuna pa kuhamia." Nikamwambia. Hakwenda tena.

Baadaye dada yake alimhamishia kwake, ghorofani Upanga, na tukaacha kuonana. Mwaka jana Mwalimu alinitumia ujumbe kwamba hedifoni zake zinakata upande mmoja. Nilikwenda alasiri. Alikuwa amekonda, shati bado jeupe. Masikio yalikuwa yamechoka kwa zile spika za miaka yote, ikanibidi niketi karibu, uso kwa uso.

Nilipofungua hedifoni aliniambia, "Nilijua ni wewe uliyemwambia."

"Tangu lini?"

"Tangu alipopanda. Tangazo halikubandikwa sokoni. Ulifanya vema. Sikukuita kwa hilo."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kinasa sauti. Nilidhani alishakifuta.

"Kabla yule mama hajapiga kelele kuna mapigo kumi na tisa," alisema. "Nimeyasikiliza kwa spika, kwa hedifoni, nimeyapunguza mwendo. Najua lipi ni la ubao. Najua la jiwe. Ya miguu yananishinda. Siyajui mateke ya mguu wangu mwenyewe, Fundi. Mara nadhani nilipiga moja. Siku nyingine naamka nikiamini sikupiga kabisa, na hizo ndizo siku mbaya. Wewe ulikuwa nyuma yangu."

"Nilikuwa nyuma yako."

"Nilipiga mara ngapi?"

Dada yake aliponiuliza, miaka ile, nilimwambia hakupiga. Watu wengine nilikuwa nikiwaambia moja. Nilikaza skrubu ya hedifoni, nikaiweka mezani.

"Tatu," nikasema. "Mbili mbavuni. Ya tatu usoni, alipoondoa mikono ili akutazame."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Hakulia. Aliushika ule mkono wake uliopinda kwa mkono mzima, midomo ikicheza kama mtu anayepanga sauti mahali pake. Kisha akaniangalia.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimeshika spika."

Akaitikia kwa kichwa. "Ilikuwa nzito," akasema, na ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kukupunguzia.

"Haikuwa nzito, Mwalimu," nilimwambia. "Ningeweza kuiweka chini."